Bomba Ndani ya Shimo ya Chokaa

Ukiuliza watu namna vita iliingia kwao, mmoja atakuambia ilikuja na ndege, mwingine atasema na bunduki. Kwetu iliingia kwa mdomo yangu. Mimi ndiye niliikaribisha, nikaitafsiria watu, na wamama wakaipigia vigelegele.

Nianze na shimo yenyewe, kwa sababu bila shimo hakuna maneno. Iko katikati ya Kasese na Bwera. Ukifika upande ya Kisinga unaacha barabara kubwa, unapanda kidogo na baisikeli mkononi. Kwa juu unaona shamba ya pamba na mbuzi tu. Jiwe mzuri ya chokaa iko chini, kwa hiyo watu hawakuchimba kutoka juu kama watu wenye akili. Walitoboa kilima kwa tumbo, wakaingia. Wakati mimi ni mtoto, miaka ya sitini, mwenyewe alikuwa Muhindi mmoja wa mjini mwenye lori ya kijani. Wafanyakazi wake waliendelea kula jiwe kule ndani, wakiacha nguzo hapa na pale ili kilima isiwakalie kichwani, mpaka ikawa nyumba kubwa kushinda kanisa. Baridi tele. Mvua ikinyesha, shule yote tulikimbilia humo. Siku moja mwalimu akasema hatuwezi kupoteza saa ya hesabu, akafundisha humo humo gizani. Kila jibu tuliyotoa, shimo iliirudisha. Na kwa sababu jibu zetu zilikuwa za uongo, siku hiyo tulikosa kila hesabu mara mbili.

Mwaka ya sabini na mbili Wahindi walipofukuzwa, Muhindi wetu akaondoka na wenzake. Lori ya kijani nikaiona baadaye inaendeshwa na mtu mwingine, amevaa miwani. Shimo ikabaki bila mwenyewe. Aliyebaki humo na nyundo ni mume wa shangazi yangu peke yake.

Yeye tulimwita Papa, sisi wote, hata waliomzidi miaka. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, upande ya Butembo, alikimbia vita ya kwao mwaka ya sitini na nne na rozari shingoni na kitabu ya sala mfukoni. Shangazi alimwona anapasua jiwe, akasema huyu hapigi kelele, atanifaa. Kazi yake ilikuwa tanuru. Kama hujaona tanuru ya chokaa: unapanga kuni, unapanga mawe, kuni tena, mawe tena, mpaka inafika kifua na inakuwa pana kama jikoni. Halafu unaipaka udongo nje, unaacha vidirisha chini ya kupitisha hewa. Ukiwasha, inakula siku tatu bila kunyamaza. Jiwe ikiiva inakuwa nyeupe na nyepesi kama mkate. Lakini usidanganywe na upole hiyo. Jiwe iliyoiva ikikutana na maji inakasirika. Inachemka bila moto, inapasuka, inaruka machoni. Papa alikuwa na jicho moja inayofunguka nusu, na ndiyo sababu.

Tanuru yake ilikuwa hatua kumi kutoka mlango ya shimo. Kwa nini ubebe jiwe mbali?

Sasa, mwaka ile ya sabini na nane ikielekea mwisho, redio ikaanza kupiga kelele ya vita huko chini, upande ya Tanzania. Mkubwa wa gombolola, yaani tarafa yetu, akatangaza: mtu yeyote wa ng'ambo asiye na karatasi, arudi kwao kwa daraja ya mpaka ya Mpondwe. Papa hakuwa na karatasi. Alikuwa na mke, watoto wanne na jicho moja na nusu. Akaenda kumwona mkubwa, akasimama mlangoni kofia mkononi. Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Akamwambia dispensari inatakiwa kupakwa chokaa kabla wageni wa wilaya hawajakuja. Leta chokaa ya tanuru moja, nikuandikie barua ya kukaa. Siku kumi.

Papa akapanga tanuru ile kama mtu anayepanga nyumba ya mwisho. Ikabaki kuni ngumu ya kuwashia, akaenda kuitafuta mlimani.

Alipokuwa huko, lori mbili za jeshi zikapanda mpaka kwetu.

Afande alikuwa mrefu, na viatu vyake viling'aa kuliko sahani za shangazi. Watu wote wakakusanywa. Kwetu watu wanaongea Lhukonzo. Swahili ni lugha ya askari, mtu akiisikia anatafuta mlango ya nyuma. Akauliza nani anajua Swahili. Mimi nikanyoosha mkono haraka, kama shuleni, na tofauti ni kwamba shuleni sikunyoosha. Niliacha shule praimari siksi, nikabeba mizigo ya abiria kwa stesheni ya Kasese, na Swahili yangu niliiokota huko, kati ya magunia.

"Ambia hawa watu," afande akasema. "Leo hii shimo ni ya serikali. Tunaweka bomba ndani. Hapana mtu kuingia."

Stesheni kulikuwa na bomba moja, nene. Gari moshi ilikunywa hapo, na mimi niliosha miguu hapo. Bomba nilikuwa naijua sana. Nikawageukia watu wetu, nikasema serikali inatuletea maji.

Lazima ujue wamama wetu walitembea namna gani kufuata maji mtoni, na mtungi, na mtoto mgongoni. Walipiga vigelegele mpaka mbuzi zikakimbia. Mmoja akaleta ndizi mbivu, mwingine akaleta kuku na kuiweka kwa miguu ya afande. Afande akatazama kuku, akatazama mimi.

"Hawa wanafurahi nini?"

"Bomba, afande."

Nafikiri maisha yake yote hakuna kijiji iliyompenda hivyo. Akasema hawa ni watu wa nchi kweli, akachukua kuku.

Askari wakaanza kushusha sanduku za mbao na kuziingiza ndani, polepole sana, wakitembea kama watu wanaobeba mgonjwa. Shangazi akanituma niulize bomba zitafunguliwa lini. Afande akajibu zikifika mbele. Nikauliza mbele ni wapi. Akasema kwa adui. Hapo kichwa yangu ikagongana na yenyewe. Lakini mtafsiri hawezi kusimama katikati ya watu na kusema hajui, kwa hiyo nikawaambia serikali itaanza kumpa maji adui, halafu sisi. Shangazi hakushangaa. Alisema serikali ni kama mwanaume, wa nje ndio wanakula kwanza.

Afande akarudi Kasese na lori, akaacha askari mmoja wa kulinda. Kijana tu kama mimi, wa mbali, alikuwa anaogopa giza ya shimo lakini hakutaka tujue. Akazunguka zunguka, akafika kwa tanuru ya Papa, ile lundo ya udongo inayofika kifua. Akauliza ni nini.

"Kaburi, afande," nikamwambia. "Babu yetu. Alikuwa mkubwa sana."

Nilitaka kucheka naye. Lakini yeye alishavua kofia, amesimama wima, macho chini. Na mtu mwenye bunduki akishavua kofia, humwambii kwamba ulikuwa unamchezea. Nikainamisha kichwa pia. Tukamheshimu babu pamoja.

Papa akarudi na kuni, akakuta habari ya maji. Yeye Swahili aliijua kabla yangu, lakini ilikuwa Swahili ya ng'ambo, na mbele ya askari hakuitoa hata siku moja, kwa sababu ingemtaja alikotoka kabla hajamaliza kusalimia. Kwa hiyo aliniuliza pembeni. Kwa nini askari anakataza sigara karibu na bomba? Nikamwambia bomba ya siku hizi ni ya mpira, inaogopa moto. Na sanduku mbona fupi? Nikamwambia ni vipande, vitaungwa. Nilikuwa na jibu ya kila kitu, na huo ndio ugonjwa wangu mpaka leo. Akaniuliza mara ya mwisho kama nina hakika afande alisema bomba. Nikasema nimesikia na masikio mbili. Akatulia. Kwao kitu ya kulipuka inaitwa bombe, kifaransa, na bombe hakuna aliyeitaja.

Siku kumi zilikuwa zimebaki nne. Moto ya siku tatu, siku moja ya kubeba. Asubuhi akafanya alama ya msalaba, akawasha tanuru.

Yule askari alikuja mbio.

"Mnachoma babu?"

Nikamjibu ni desturi, baridi ikizidi tunampasha moto kidogo. Akakuna shingo. Aliambiwa akataze sigara. Kuhusu babu hakupewa amri yoyote. Akasogea upande mwingine, akaendelea kulinda, akipiga chafya ya moshi.

Hivyo tukakaa siku nzima na sehemu ya siku iliyofuata, tanuru inanguruma hatua kumi kutoka kwa zile sanduku, na sisi tukipita katikati na mihogo mikononi, tunaongea habari ya maji. Wamama walikuwa tayari wanagombana bomba itasimama kwa nani.

Siku ya pili, mchana, Land Rover ikapanda. Afande aliruka kabla haijasimama. Sijaona mtu mrefu anakuwa mfupi haraka hivyo, alikuwa amejikunja karibu chini.

"Zima! Zima hiyo moto! Mnataka bomba ilipuke?"

Nikamuuliza bomba ya maji inalipuka namna gani. Akauliza maji gani. Mimi nikasema maji ya bomba. Tulitazamana, na naapa sisi wawili tulikuwa tumepotea sawasawa. Halafu akanishika sikio, akanipeleka ndani ya shimo, akafungua sanduku moja. Zilikuwa zimelala kwa mstari kama samaki sokoni, na mikia yao. Mdomo yangu, haijui kupumzika, ikauliza maji inapita wapi. Nilipigwa kofi, na shimo ikalirudisha.

Papa alikuwa amefuata nyuma yetu. Alichungulia sanduku na ile jicho mzima.

"Mutoto," akaniambia taratibu, "hii ni bombe."

Tulitoka nje. Nilitazama tanuru, nikatazama mlango ya shimo, nikahesabu hatua, zilikuwa bado kumi. Sikuelewa tena chochote. Kama bomba si bomba, basi maji ni nini, na mimi niliwaambia watu nini siku zote hizi? Afande alikuwa anapiga kelele askari walete maji, na wawili walikuwa tayari wamebeba madebe ya kupikia, wanakimbia kwa tanuru.

Hapo Papa akafanya kitu ambayo hakufanya miaka kumi na nne. Alisimama mbele ya askari, mikono wazi, akafungua mdomo.

"Afande, hapana maji. Mawe ya juu ilishaiva. Ukimwaga maji inaruka na moto yake mpaka ndani ya mulango. Hii tunaifunga pua. Udongo tu."

Afande akamtazama. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Niko mutu wa ng'ambo. Moto ikikufa, utaniuliza yote na nitakujibu. Lakini udongo kwanza."

Askari waliweka madebe chini. Watu wote wakaanza kuleta udongo, wamama na mabeseni, watoto na vikapu, askari na kofia zao za chuma, afande mwenyewe na mikono. Papa alikuwa chini kwenye vidirisha, anaziba moja moja na tope. Moshi ikapungua. Alipofika kidirisha ya mwisho akasimama na tope mkononi, haiweki. Nilikuwa karibu, niliona ndani nyekundu kabisa. Hiyo kidirisha ilikuwa barua yake. Tanuru ikifungwa katikati, mawe haiivi wala hairudi kuwa mawe, inakuwa takataka. Na siku zilizobaki hazikutosha kupanga nyingine.

Shangazi alikuwa nyuma yake na beseni kichwani.

"Ziba, baba watoto," akasema. "Barua haina faida kwa mtu aliyepasuka."

Akaziba.

Jioni afande alikaa kwenye jiwe, mikono yake imejaa udongo mpaka kiwiko, akamuuliza yale maswali. Papa akamwambia yote, hata habari ya mkubwa wa gombolola na siku kumi. Afande akavuta karatasi kwa mfuko, akasema yeye ni serikali pia. Lakini kuandika hakukumpenda sana, akanipa kalamu mimi. Akasema, nikaandika jina ya Papa, halafu: huyu mtu ni fundi wa bomba, anafanya kazi na serikali, asisumbuliwe. Nilisita kwenye neno ile. Nikamuuliza kama ni bomba kweli au ni kitu ingine. Akasema niandike kama anavyosema, kofi nyingine ziko. Nikaandika bomba. Akatia sahihi na mhuri, na mkubwa wa gombolola alipoiona ile mhuri hakuuliza habari ya chokaa tena. Dispensari ilibaki na rangi yake ya zamani.

Hivyo miezi ile Papa alikaa nusu kwa askari nusu kwetu, analinda tanuru iliyokufa, na sisi tulitembea kwa vidole juu ya kilima yetu wenyewe. Shangazi alikuwa anapika nje, mbali, na akiona mtoto anapiga jiwe chini anamfuata na fimbo. Hakuna aliyenituma kutafsiri.

Mwaka sabini na tisa, askari wakaondoka bila kuaga. Walibeba sanduku chache, nyingi waliziacha. Halafu tukasikia Watanzania wamefika Kasese, wanakuja barabara ya Bwera, na tukasikia pia kwamba wanatafuta waliofanya kazi na jeshi ya zamani. Shangazi akamwambia Papa achome ile karatasi. Papa akakataa. Alisema katika nchi hii ni karatasi moja tu iliyowahi kuandikwa jina yake, hata kama ni ya shetani. Akaificha ndani ya kitabu ya sala, akasema anaenda Bwera kuwasikia watu wake wa ng'ambo, kama wanarudi au wanakaa. Mimi nikatumwa nimsindikize. Shangazi alinishika mashavu, akaniambia nikifungua mdomo atanizika na babu.

Kabla ya Bwera kulikuwa na kizuizi ya Watanzania. Askari wake waliongea Swahili ile ya kitabu, laini, mpaka nikaogopa zaidi, kwa sababu askari wetu, ukisikia sauti ulijua mara moja kama utapigwa. Hawa ungeweza kupigwa risasi ukifikiri unasalimiwa. Walifungua kitabu ya sala. Karatasi ikaanguka.

Aliyeiokota akaisoma, akageuza, akaisoma tena.

"Mzee, nani alikuandikia hii?"

Papa akasema afande wa shimoni. Hakudanganya. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi kweli, nilisikia ladha ya damu.

"Fundi wa bomba," askari akasema, akamwita mwenzake. "Ndugu yangu, tumepata fundi. Siku ya nne leo hatuna maji."

Papa alinigeukia. Mimi niligeukia mti. Mti haikusema kitu.

Walitupeleka kwa tangi ya saruji nyuma ya kambi yao. Mipira na vyuma vyake Papa hakugusa. Alizunguka tu tangi, akapapasa, akakuta mahali imepasuka, maji yote ilikuwa inatoroka ardhini. Ufa wa ukuta alikuwa anaujua. Akaomba chokaa, mchanga na jivu, akachanganya, akaujaza ufa, akausugua na kiganja mpaka ukalainika. Tulilala hapo siku mbili ikakauka. Walipojaza tangi, maji ikakaa. Askari walimpigia makofi, wakampa nyama ya kopo.

Ni wakati ya kula ndipo nilifungua mdomo. Nikawaambia kuna bomba zingine shimoni kwetu, za aina ya kulipuka, na mikia. Yule aliyesoma karatasi akacheka.

"Hayo ni mabomu, kijana. Bomba ni la maji."

Basi mimi nilikuwa na haki tangu siku ya kwanza. Nilitafsiri sawa, ni afande ndiye aliyesema vibaya. Nilitaka kurudi nyumbani nikaitangaze, lakini nilipofikiria tanuru, na hatua kumi, na wamama wanacheza mbele ya zile sanduku, sikujua kama mtu mwenye haki ya namna hiyo anapongezwa au anafungwa.

Lori ya Watanzania ilikuja kuzichukua, safari mbili. Askari mmoja akamwandikia mkubwa mpya wa gombolola, na karani akafungua kitabu mpya, akaandika jina ya Papa, akaandika mke na watoto wanne, na mahali ya kazi akaandika fundi bomba. Karatasi ya kukaa ikatoka siku hiyo hiyo, na mhuri ya samawati. Shangazi aliifunga kwa nailoni, akaining'iniza juu ya kitanda.

Tangu hapo hakuna tena mtu anayemletea Papa kazi ya chokaa. Wanakuja kutoka Rukoki, wanakuja kutoka Bugoye, wanakuja na vyuma iliyopinda kwenye baisikeli, na hawezi kuwakatalia, kwa sababu ndiyo sababu serikali inamwacha akae. Juzi mwalimu mkuu wa shule alituita kwa pampu yake. Papa alilala chali chini ya ile chuma, uso imejaa matope, akaigonga gonga muda mrefu kama daktari. Mwalimu mkuu aliposogea kidogo, Papa akanivuta shati.

"Mutoto," akaninong'oneza, "maji inaingilia upande gani?"

Nikamwambia kushoto. Sikuwa najua.